Sungura Hula Chooni: Maswali Yenu Kuhusu Matandiko

Tangu ukurasa huu ulipozungumzia namna ya kumzoesha sungura wa ndani kutumia choo, barua nyingi tulizopokea hazikuulizia mazoezi hayo. Ziliulizia kile kinachowekwa ndani ya trei: ni matandiko gani yatakayonyonya mkojo bila kumdhuru mnyama na bila kutoboa mfuko wa mwenye nyumba? Tumechagua barua nane, nyingine tukizifupisha, na majibu yake yote yanatokana na tabia moja ya sungura ambayo mfugaji mgeni huistaajabia. Paka huingia chooni, humaliza haja yake, hufukia na kuondoka. Sungura huketi humo. Hujisaidia huku akitafuna nyasi, hulamba miguu yake, huchimba, na pengine hujinyoosha akasinzia. Kwa hiyo unapomchagulia matandiko, unamchagulia pia sehemu ya chakula chake na hewa atakayoivuta kwa saa kadhaa kila siku.

SWALI: Nina paka wawili na sungura mmoja. Paka ninawanunulia ule mchanga unaoshikana mabonge ukilowa, na sungura ninamwekea huo huo ili nisinunue vitu viwili. Ni miezi mitatu sasa na hajaugua. Je, kuna ubaya wowote nikiendelea?

JIBU: Usiendelee, hata kama mfuko uliofunguliwa bado umejaa. Mchanga huo kwa kawaida hutengenezwa kwa bentonaiti, aina ya udongo ambao ukikutana na maji huvimba mara kadhaa ya ujazo wake na kugeuka bonge zito linalonata. Sifa hiyo inayompendeza mwenye paka ndiyo inayoweza kumwua sungura. Punje hunasa kwenye nyayo zake zenye manyoya naye huzilamba. Nyingine huziokota pamoja na nyasi zilizoangukia humo. Na udongo uliozoea kuvimba ndani ya trei hautaacha kuvimba ndani ya utumbo. Sungura hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo alichokwisha kukimeza hakina njia ya kurudi, na utumbo wake umeumbwa kufanya kazi mchana na usiku bila kusimama. Sungura aliyekataa chakula kwa nusu siku, au ambaye kinyesi chake kimekuwa kidogo sana au kimekoma, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Unasema hajaugua mpaka sasa, nami nafurahi kusikia hivyo, lakini hilo linaonyesha tu kwamba hajameza wa kutosha. Tena, liko suala la vumbi. Sungura huvuta pumzi kupitia puani karibu wakati wote, na pua hiyo huwa sentimita chache tu juu ya trei, ilhali pua yako wewe unayemmiminia mchanga iko juu kabisa. Udongo wa paka usioshikana mabonge hauna hatari ile ya kuvimba, ila vumbi lake ni lile lile. Chembe za silika zinazong'aa kama vioo vidogo nazo sizipendekezi, kwa kuwa mnyama anayetafuna kila kitu hana kazi nazo.

Nia yako ya kununua kitu kimoja kwa wanyama wote watatu si mbaya, ila umeianza upande usio wake. Badala ya kumpa sungura mchanga wa paka, wape paka matandiko ya sungura. Peleti, yaani punje zilizoshindiliwa, za karatasi au za mbao zisizotiwa manukato hutumiwa na paka wengi bila shida, mradi uzichanganye kidogo kidogo na mchanga wao wa zamani kwa wiki mbili tatu, kwa sababu paka akichukizwa na choo kipya atakutafutia kona ya sebule.

SWALI: Peleti za karatasi zinasifiwa kila mahali, lakini bei yake inanishinda. Maranda ni rahisi, ila mfuko mzima unaisha upesi. Nyasi kavu ninazo nyingi. Nitajuaje kipi ni nafuu kweli?

JIBU: Swali hili lilikuja katika barua nyingi kuliko mengine, kwa hiyo nitakaa nalo. Wengi wetu hulinganisha bei ya mfuko na bei ya mfuko, tukasahau kwamba tunachokinunua hasa ni uwezo wa kunyonya. Mfuko mkubwa wa maranda umejaa hewa. Mfuko mdogo wa peleti umejaa mbao au karatasi iliyoshindiliwa. Jambo la kujua ni mkojo wa siku ngapi utakaomezwa na kila mfuko, na hilo unaweza kulipima mwenyewe jikoni kwa jioni moja.

Chukua gramu 100 za kila kitu unachokifikiria, ukiweke katika chombo chake. Mimina maji mililita 50, usubiri dakika kumi, kisha uinamishe chombo uone kama maji yanakusanyika pembeni. Kama hayakusanyiki, ongeza mililita 50 nyingine, uendelee hivyo mpaka maji yaanze kusimama. Usiharakishe, kwa maana peleti hunyonya polepole mwanzoni na mtu asiye na subira huzihukumu kabla hazijafunguka. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba kitu cha kwanza kimemeza mililita 250 na cha pili mililita 100. Hata kama cha kwanza kinauzwa kwa bei maradufu kwa uzito ule ule, bado ndicho nafuu, kwa sababu kwa bei ya mara mbili kinafanya kazi ya mara mbili na nusu. Sungura wa kilo mbili anaweza kukojoa kati ya mililita 100 na 250 hivi kwa siku, akizidisha au kupunguza kulingana na maji na majani mabichi anayokula; ukiwa na makadirio hayo pamoja na ulichokipima jikoni, hesabu ya mwezi mzima haitakupa tabu.

Nyasi kavu peke yake zitashindwa katika mtihani huo. Mashina yake hayanyonyi kitu cha maana. Mkojo hupita katikati, hutuama chini, nazo nyasi huanza kuoza na kuota ukungu. Mabua makavu ya nafaka ni hivyo hivyo. Nafasi ya nyasi ni juu ya matandiko, upande mmoja wa trei, ambako sungura atazila huku akijisaidia, na kwa kweli hakuna njia rahisi zaidi ya kumfanya apende choo chake. Zibadilishe kila siku, nyingi kwa mara moja, kwa sababu sungura hapendi kula nyasi alizozikojolea, na nyasi ndizo chakula chake kikuu.

Nikiulizwa mimi ninatumia nini, ninatumia peleti za mbao zinazotengenezwa kwa ajili ya majiko ya kuni au kutandikia mabanda ya farasi. Hizi ni unga wa mbao uliokaushwa na kushindiliwa kwa nguvu na joto mpaka lignini, ambayo ni gundi ya asili iliyomo ndani ya mbao zenyewe, inayeyuka na kuzishikanisha. Peleti nzuri, basi, haihitaji gundi ya kuongezwa. Kwa uzito, mara nyingi ni rahisi mno kuliko kile kile kinachouzwa katika mfuko mdogo wenye picha ya mnyama. Lakini soma maandishi ya mfuko kwa makini: zikiwa za jiko zisiwe zimetiwa kitu cha kusaidia kuwaka, zisiwe za mbao zilizorejelewa kutoka katika samani, na zisiwe na harufu ya kutiwa. Mfuko usiosema umetengenezwa kwa nini uache dukani.

Jambo la mwisho kuhusu gharama ni kina. Wafugaji wengi hujaza trei kana kwamba wanapanda maua. Peleti zinatosha zikiwa sentimita mbili au tatu tu, kwa kuwa zikilowa hufumuka na kuwa unga unaojaza trei zaidi ya ulivyozimimina. Sungura naye ana kona anayoipendelea. Ukiondoa kila siku sehemu iliyolowa ya kona hiyo na kujaza pengo lake, sehemu nyingine ya trei itakaa siku kadhaa ikiwa kavu na safi.

SWALI: Jirani yangu ni seremala na hunipa maranda na unga wa mbao bure. Wapo wanaosema msonobari ni sumu kwa sungura, na wapo wanaosema hayo ni maneno ya wauzaji wa peleti. Nani mkweli?

JIBU: Maneno hayo hayakuanzishwa na wauzaji. Mwaka 1967 mtafiti Elliot Vesell alichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashtua wenye maabara: panya waliolazwa juu ya maranda ya mwerezi na misonobari walionekana wenye afya, lakini walipopewa dawa ya usingizi walizinduka mapema kuliko wenzao. Mivuke ya mbao hizo ilikuwa imeamsha vimeng'enya vya ini, vile vinavyovunjavunja dawa mwilini, vikawa vinafanya kazi kupita kiasi. Utafiti ule ulikuwa wa panya wala si wa sungura, na sitakuambia kwamba trei moja ya maranda ya msonobari itamwua mnyama wako. Lakini mnyama ambaye ini lake linashughulishwa mchana na usiku na mivuke, na ambaye siku moja huenda akahitaji dawa ya usingizi mezani kwa daktari, hana sababu ya kubebeshwa mzigo huo. Harufu nzuri ya mwerezi, ambayo binadamu huipenda kabatini, ndiyo mivuke yenyewe.

Ukali haulingani. Mwerezi ninaukataa kabisa, uwe umekaushwa au haujakaushwa. Msonobari mbichi au ulioanikwa tu ninaukataa pia, ila ule uliokaushwa kwa joto la tanuri hupoteza sehemu kubwa ya mivuke hiyo, na ndiyo maana peleti za msonobari zinakubalika ilhali maranda yake yaliyotoka moja kwa moja kwenye randa hayakubaliki. Maranda ya aspeni, mti usio na mivuke ya namna hiyo, hayana tatizo hili.

Hata hivyo, katika maranda ya jirani yako mimi naogopa zaidi vitu vingine. Karakana ya seremala hufagiwa yote pamoja. Katika fagio moja unapata mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, mbao zilizopakwa rangi au vanishi, vipande vya plaiwudi, na unga wa zile mbao za kubandikwa ambazo gundi yake huwa na fomaldehaidi, kemikali yenye mivuke ya kudhuru. Huwezi kuvitenganisha kwa macho, na jirani mwenyewe, hata akiwa mwaminifu namna gani, hatakumbuka alipasua nini Jumatatu. Kama anaweza kukuwekea pembeni maranda ya ubao mmoja anaoujua, usiotiwa kitu, wa mti usio na utomvu wenye harufu kali, yachukue na umshukuru. Lakini ulizia jina la mti, maana si kila mti usio na harufu ni salama. Maranda ya mjozi mweusi, kwa mfano, yanajulikana kwa kuwasababishia farasi ugonjwa mkali wa kwato. Unga laini wa msumeno urudishe wote. Ukimwagwa tu unapaa, na unaishia katika pua na macho ya sungura.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na nilipewa sungura kama zawadi. Wazazi wameniambia gharama zake ni juu yangu, nami sina fedha za kununua matandiko. Nyumbani kuna magazeti mengi ya zamani. Yanatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yanatosha, ukikubali kwamba utalipa kwa jasho kile usichokilipa kwa fedha. Karatasi ya kawaida ya gazeti ni salama hata sungura akiitafuna kidogo, lakini ondoa kurasa nene zinazong'aa, bahasha zenye vidirisha vya plastiki, risiti, na kitu chochote chenye gundi ya utepe au pini. Tandika karatasi nzima chini, kisha uchanechane nyingine na kuziweka juu kwa wingi. Maboksi ya kahawia yasiyo na maandishi mengi, na zile trei za mayai za karatasi, hunyonya vizuri kuliko gazeti ukizirarua vipande vidogo.

Udhaifu wa karatasi ni unyevu: hulowa, hulala chini, na kubaki imelowa chini ya miguu ya mnyama. Sungura hana nyayo ngumu kama za mbwa. Amekingwa na manyoya tu, na manyoya yaliyolowa huacha ngozi ya kisigino ichubuke na kufanya vidonda ambavyo kupona kwake ni kazi ndefu. Kwa hiyo utabadilisha kila siku, pasipo kusema leo nimechoka. Mara moja kwa wiki mgeuze miguu ya nyuma utazame visigino. Ukiona sehemu isiyo na manyoya na yenye wekundu, waambie wazazi wako mapema, kwa kuwa hiyo ndiyo gharama ambayo mwanafunzi hawezi kuibeba.

Ukiwa na siku ya mapumziko unaweza pia kutengeneza punje zako mwenyewe. Loweka karatasi zilizochanwa katika maji ya vuguvugu mpaka ziwe uji, zikamue kwa nguvu, uzivunjevunje ziwe punje ndogo, na uzianike kwenye jua kali mpaka zikauke hadi ndani. Msisitizo uko kwenye kukauka: punje iliyobaki na unyevu katikati huota ukungu kabla hujaitumia. Hazitapendeza kama za dukani, wala sungura hatajua tofauti.

SWALI: Nimemwona sungura wangu kwa macho yangu akila peleti za karatasi. Nilidhani ni salama, sasa nina wasiwasi. Nazo peleti za magunzi ya mahindi, ambazo muuzaji ananiambia zinaliwa, je?

JIBU: Kuonja ni jambo moja na kula ni jingine. Takriban kila sungura huonja matandiko mapya siku ya kwanza, akaona hayana ladha, akaacha. Peleti moja au mbili za karatasi hupita. Akiendelea siku ya tatu, ondoa matandiko hayo, na kabla hujayalaumu jiulize kama ana nyasi za kutosha saa zote. Sungura mwenye nyasi mbele yake mara chache huhangaika na karatasi. Hakikisha pia kwamba ulichokiona ni peleti kweli. Sungura hutoa kinyesi cha namna mbili, na ile namna laini, iliyoshikana kama kishada kidogo cha zabibu, huinama na kuichukua moja kwa moja kwa mdomo inapotoka, kwa sababu ina vitamini na protini ambazo utumbo haukuwahi kuzinyonya katika safari ya kwanza. Nimewahi kupigiwa simu usiku na mtu aliyedhani mnyama wake amepatwa na wazimu. Alikuwa anakula chakula chake cha jioni tu.

Magunzi yaache. Tatizo lake ni hilo hilo muuzaji analolisifia: yanavutia kuliwa, lakini hayameng'enyeki, na vipande vyake vinaweza kuziba utumbo. Yakilowa huota ukungu upesi. Peleti za ngano na nafaka nyingine nazo zina wanga, na tumbo la sungura halivumilii wanga mwingi. Peleti za majani yaliyoshindiliwa hazina hatari hiyo, na ndizo pekee ambazo neno "zinaliwa" linazifaa, ila huvurugika na kuwa tope zikilowa na huvutia wadudu, kwa hiyo zinahitaji kubadilishwa kila mara.

Kama sungura wako ni mchimbaji au mlafi asiyekanyika, weka wavu wa plastiki juu ya matandiko, ukae imara usichezecheze. Matundu yawe makubwa kiasi cha kupitisha kinyesi na madogo kiasi kwamba kidole cha mguu hakinasi. Wavu wa chuma usiutumie; huchubua visigino.

SWALI: Ninabadilisha matandiko kila siku ya tatu na bado chumba kinanuka. Nimeshauriwa ninunue yenye manukato, au ninyunyize majivu chini. Kipi kinafaa?

JIBU: Hakuna. Mkojo mbichi wa sungura hauna harufu kali sana. Kinachokukera ni amonia, ambayo hutengenezwa baadaye na bakteria wanapoivunja yurea iliyomo ndani ya mkojo. Mkojo wa sungura kwa asili una alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, kwa kawaida ikiwa kati ya 8 na 9, na katika hali ya alkali amonia huachiliwa hewani kwa urahisi zaidi. Majivu nayo ni alkali kali. Ukiyanyunyiza chini unasaidia amonia itoke, na juu ya hayo unaunguza nyayo na ulimi wa mnyama atakayezilamba. Manukato, kwa upande wake, hayaondoi amonia. Yanaidanganya pua yako tu, huku pua ya sungura ikipokea vyote viwili. Amonia hukwaruza utando wa ndani wa pua na macho, na utando uliojeruhiwa huwapa nafasi bakteria kama Pasteurella, ambao sungura wengi wanao bila kuugua, wakaleta mafua sugu yenye usaha. Ukipiga magoti, ukaweka uso wako karibu na trei na macho yakakuwasha, basi siku tatu ni nyingi.

Bakteria huhitaji muda na unyevu, kwa hiyo wanyime vyote viwili. Ondoa kona iliyolowa kila siku. Mwaga yote na uoshe trei mara mbili kwa wiki, au zaidi ikiwa sungura ni wawili. Uondoaji wa kila siku una faida nyingine iliyofichika: vimelea vya koksidia vinavyotoka na kinyesi haviwezi kuambukiza papo hapo, bali huhitaji muda wa kukomaa nje ya mwili, mara nyingi zaidi ya siku moja, na kinyesi kilichokwisha kuondolewa hakipati muda huo. Katika joto, nzi nao wasisahaulike. Hutaga mayai kwenye manyoya yaliyochafuka nyuma ya sungura, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja yakawa funza wanaomla mnyama akiwa hai.

Trei ioshwe kwa siki nyeupe. Ule utando mgumu mweupe unaobaki chini ni kalisi, yaani kalsiamu, kwa maana sungura, tofauti na wanyama wengi, huitoa kalisi ya ziada kwa wingi kupitia mkojo. Asidi ya siki huuyeyusha bila kusugua sana, na hapo hapo hupunguza ile alkali. Acha siki ikae nusu saa, kisha suuza na kuanika. Dawa ya kung'arishia yenye klorini usiimimine kamwe juu ya trei yenye mkojo, kwa sababu klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu, ya kumdhuru mnyama na wewe mwenyewe. Usiichanganye na siki pia. Baada ya kuosha, rudisha kijiko kimoja cha matandiko ya zamani ili sungura akumbuke choo kiko wapi.

Kama pamoja na hayo yote harufu haipungui, na sungura wako ni dume aliyekomaa anayerusha mkojo ukutani, hakuna matandiko yatakayomtibu. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi. Kwa jike, kuondolewa kizazi humsaidia kutunza choo vilevile, na humkinga na saratani ya mji wa mimba, ambayo huwapata majike wengi wanapozeeka.

SWALI: Nimehamia peleti nyeupe za karatasi na sasa naona madoa mekundu. Ni damu?

JIBU: Mara nyingi sivyo. Rangi za asili za majani anayokula huweza kuufanya mkojo uwe wa machungwa au mwekundu kama chai kavu kwa siku moja au mbili, na ulikuwa hivyo hivyo kabla, ila matandiko ya awali hayakukuonyesha. Wekundu wa rangi hizo huenea sawasawa katika doa lote. Ukiona mabonge, michirizi ndani ya mkojo wa rangi ya kawaida, au mnyama anajikamua kwa shida, peleka kidogo cha mkojo huo kwa daktari, apime. Huo ndio uzuri wa matandiko meupe, nami huwashauri wenye sungura wazee wayatumie hata kama yanazidi kidogo kwa gharama.

SWALI: Matandiko yaliyotumika ninayatupa pamoja na takataka za nyumba. Je, naweza kuyatia bustanini?

JIBU: Unaweza, na utapunguza gharama upande wa pili. Vidonge vikavu vya kinyesi cha sungura vinaweza kuwekwa moja kwa moja kwenye udongo bila kuunguza mimea kama kinyesi cha kuku kinavyofanya. Matandiko yenyewe ni habari nyingine. Mbao na karatasi zina kaboni nyingi sana, na vijidudu vinavyozioza huichukua naitrojeni ya udongoni ili vifanye kazi hiyo. Ukizifukia mbichi penye miche, majani yake yatageuka manjano. Zirundike kwanza pamoja na majani mabichi na mabaki ya jikoni, uweke unyevu, ugeuze rundo kila wiki mbili, usubiri miezi kadhaa mpaka usiweze kutofautisha peleti na udongo. Mchanga wa udongo wa paka usiuweke humo, kwa kuwa hauozi.

Mboji hiyo iweke kwenye miti ya matunda na maua bila wasiwasi. Usiiweke kwenye mboga zinazoliwa mbichi, wala kwenye nyasi utakazomkatia sungura huyo huyo, kwa sababu mayai ya koksidia ni magumu na rundo ambalo halikupata joto la kutosha halitayaua.